Biryogo: Picha Kubwa Katika Kioo Kidogo

Mgeni atokaye Tanzania kwa njia ya Rusumo huanza kuzoea mambo mawili kabla hajafika Kigali: magari yapitayo upande wa kulia wa barabara, na vilima visivyokwisha. Mji wenyewe, ambao Mjerumani Richard Kandt aliuanzisha mwaka 1907, umekaa juu ya migongo ya vilima hivyo, hata mtu asimamapo upande mmoja huziona nyumba za upande wa pili zimepangana kama picha iliyotundikwa ukutani. Ukitoka katikati ya mji ukashika njia ya kwenda Nyamirambo, utapita katika mtaa ambao msemaji wa Kiswahili hajioni mgeni ndani yake. Mtaa huo ni Biryogo.

Biryogo imo katika wilaya ya Nyarugenge. Habari zake ni habari za Waswahili wa Rwanda: askari, wapagazi, makarani na wafanya biashara waliofuatana na Wajerumani, kisha wakakaa chini ya utawala wa Wabelgiji ambao waliwatengea Waislamu makazi yao peke yao. Msikiti wa kwanza wa nchi hii ulijengwa Kigali mwaka 1913. Bunge la Rwanda lilipokipa Kiswahili cheo cha lugha rasmi mwaka 2017, watu wa Biryogo hawakuwa na jambo jipya la kujifunza. Walikuwa wameitumia lugha hiyo sokoni, msikitini na jikoni tangu enzi za babu zao.

Tangu mwaka 2021 baadhi ya njia za mtaa huu zimefungwa ili magari yasipite. Barabara imepakwa rangi za kila namna, na meza za mikahawa zimetoka nje hadi katikati ya njia. Jioni, adhana ikiisha, watu huketi wakinywa chai ya tangawizi na kula mishikaki na sambusa, huku watoto wakikimbia pasipo kuhofia gari. Ni mahali pazuri pa kupumzika. Hata hivyo, makala haya hayakukusudiwa kueleza chai ya Biryogo, bali jambo lililonivuta nilipokuwa huko kwa siku chache baada ya kumaliza shughuli za kikazi. Jambo hilo ni sinema: jinsi picha za zamani zinavyoharibika, jinsi zinavyokarabatiwa, na kwa nini ukarabati huo si anasa ya matajiri peke yao.

Watu wapendao sinema

Watu wa Kigali wanapenda sana sinema. Kwa miaka mingi, katika mitaa kama Biryogo na Nyamirambo, filamu za Marekani, India na China zimekuwa zikitazamwa pamoja na sauti ya msimulizi azifasiriye kwa Kinyarwanda. Filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye, na msimulizi aliyependwa kuliko wengi alikuwa marehemu Nkusi Thomas, ajulikanaye kwa jina la Yanga, ambaye alifariki mwaka 2022. Msomaji wa Tanzania atamkumbuka Lufufu, na wa Kenya atamkumbuka DJ Afro. Kazi yao ni moja. Msimulizi hodari huongeza chumvi, hutia mithali, na humfanya shujaa wa Hong Kong aonekane kana kwamba alizaliwa katika mtaa wa jirani.

Sifa hizo ni za haki. Lakini sauti ilipokuwa ikinenepa, picha ilikuwa ikikonda. Filamu iliyopigwa kwa ajili ya ukuta mzima wa ukumbi ilihamishiwa katika kaseti ya video. Kaseti ikazaa kaseti nyingine. Ya tatu ikahamishiwa katika sahani za CD, na mwishowe ikaingia katika flashi na simu ya mkononi. Kila ilipozaliwa upya, ilipoteza kitu: pembe za picha zilikatwa, rangi zilichujuka, nyuso zikawa ukungu. Mtazamaji hakulaumiwa, kwa kuwa hakuna aliyempa chaguo lingine. Tena alikuwa na msimulizi wa kumwambia kilichomo mle ambamo macho yake hayakuweza kuona.

Filamu isiyohitaji msimulizi

Katika njia moja ya Biryogo nilimkuta fundi wa televisheni, mtu wa makamo, ameketi mbele ya duka lake. Tulipokwisha kuamkiana alinikaribisha ndani. Juu ya meza palikuwa na televisheni iliyokuwa imetoka katika matengenezo, na ndani yake nikaona tumbili wa Japani ameketi katika maji ya moto, macho yamefumba nusu, huku theluji ikimwangukia kichwani. Manyoya yake yalionekana moja moja. Hapakuwa na mtu aliyesema neno.

“Kila televisheni ninayoitengeneza huipima kwa filamu hii, kaka yangu,” alinieleza. “Haina mtu anayesema, basi mteja hana la kusikiliza. Inampasa atazame. Na akitazama ndipo anapojua kama kioo kimepona au hakijapona.”

Nikamwuliza jina lake. Akacheka, akanionyesha kifuniko. Filamu inaitwa Baraka.

Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1992. Aliyeiongoza na kuipiga ni Mmarekani Ron Fricke, naye alizunguka katika nchi 24 akichukua picha za mahali patakatifu, za viwanda, za majangwa na za miji. Afrika ya Mashariki imo: wamo Wamaasai wa Mara nchini Kenya, na zimo picha za Ziwa Natron nchini Tanzania. Filamu haina msimulizi wala mazungumzo, ina muziki na sauti za dunia tu. Kwa hiyo Mnyarwanda, Mswahili, Mfaransa na Mjapani huielewa kwa kiasi kilekile, yaani kwa kadiri macho yao yanavyoweza kuona. Katika filamu ya namna hiyo, ubora wa picha si pambo. Picha ikiharibika, hakuna kingine kilichobaki.

Upana wa mkanda

Nikiwa nimesomea ualimu, naomba msomaji achukue penseli, rula na karatasi, na watoto wakiwapo wasogee karibu. Chora mstatili wenye upana wa milimita 22 na kimo cha milimita 16. Huo ndio ukubwa wa takriban wa picha moja katika mkanda wa kawaida wa sinema, uitwao wa milimita 35. Pembeni yake chora mwingine wenye upana wa milimita 52 na kimo cha milimita 23. Huo ni wa mkanda mpana wa milimita 65 uliotumiwa kupiga Baraka, ambao huchapwa katika mkanda wa milimita 70 kwa ajili ya kuonyeshwa. Eneo lake ni zaidi ya mara tatu ya lile la kwanza. Sasa chora wa tatu: upana milimita 70, kimo milimita 48. Huo ni wa filamu za IMAX, ambazo mkanda wake hupita katika kamera kwa kulala badala ya kusimama. Eneo lake ni zaidi ya mara tisa ya mstatili wa kwanza.

Maana yake ni rahisi. Picha ndogo ikikuzwa hadi ukuta mzima, chembe zake hukuzwa pia, na vitu vidogo hupotea. Picha iliyo kubwa tangu mwanzo hukuzwa kidogo tu kufikia ukuta uleule, hivyo jani hubaki jani, na uso wa mtu aliye mbali hubaki uso wake.

Gharama yake, hata hivyo, si ndogo. Kamera za IMAX ni nzito na zina kelele, na mkanda wa futi 1,000 hudumu dakika tatu tu. Ndiyo maana nawaheshimu wale waliobeba mashine hizo hadi katika misitu ya Virunga ili kuwapiga picha gorila wa milimani, kwa filamu ya IMAX iliyotolewa mwaka 1992 chini ya uongozi wa Adrian Warren. Wengi wetu tunaifahamu zaidi filamu ya Gorillas in the Mist ya mwaka 1988, iliyopigwa nchini Rwanda na kueleza maisha ya Dian Fossey. Lakini ile ya Warren ilipigwa kwa mkanda mkubwa kuliko wote, ili mtu asiyeweza kupanda mlima aketi mbele ya mnyama huyo na kumwona kama alivyo.

Mfano unaosifiwa zaidi wa mkanda mpana ni Lawrence of Arabia, filamu ya mwaka 1962 iliyoongozwa na David Lean, na kupigwa na Freddie Young. Katika jangwa la Jordan, mtu aliyepanda ngamia anatokea katika mazigazi kutoka mbali sana. Mwanzo ni nukta nyeusi inayotetemeka, kisha ni mstari, kisha ni mtu. Ukitazama katika ukumbi wa milimita 70, unaiona nukta mapema na moyo unaanza kudunda. Ukitazama nakala mbovu katika kioo kidogo, jangwa ni tupu kwa muda mrefu, halafu mtu huyo anatokea kana kwamba ametupwa pale. Hadithi ni ileile, wachezaji ni walewale, lakini ule wasiwasi ambao mpiga picha aliukusudia umekwisha kufa.

Ukarabati ni nini

Mkanda wa sinema ni kitu chenye uhai mfupi usipotunzwa. Mikanda ya zamani ya naitreti, iliyotumiwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto upesi. Ile ya asetati iliyofuata huoza polepole, na dalili ya kwanza ni harufu kali ya siki mtu afunguapo kopo. Rangi nazo hufifia: filamu nyingi za rangi za kuanzia miaka ya 1950 zimegeuka kuwa nyekundu, kwa sababu buluu na kijani vimetoroka. Joto na unyevu huharakisha yote hayo, na hayo mawili tunayo tele katika nchi zetu.

Anayekarabati filamu huanza kwa kuitafuta negativu ya asili, yaani mkanda uliopita katika kamera yenyewe. Akikosa, hutafuta nakala iliyo karibu nayo zaidi, na pengine hukusanya vipande kutoka nchi mbalimbali. Kisha mkanda husafishwa, hushonwa palipokatika, na hupigwa picha upya, fremu baada ya fremu, kwa mashine iitwayo skana. Kwa kuwa sekunde moja ya filamu ina fremu 24, filamu ya saa moja na nusu ina fremu karibu 130,000. Baada ya hapo ndipo mikwaruzo na vumbi huondolewa kwa kompyuta, na rangi husawazishwa kwa kulinganishwa na nakala nzuri ya zamani au kwa kumwuliza aliyeipiga, kama angali hai.

Negativu ya Baraka ilipitishwa katika skana kwa kipimo cha 8K, yaani zaidi ya nukta 8,000 kwa upana wa kila fremu, kabla ya kutolewa katika sahani mwaka 2008. Sahani hiyo ndiyo aliyokuwa nayo fundi wa Biryogo. Naye hana kioo cha kuonyesha nukta zote hizo, lakini maji yachotwayo kisimani safi huwa safi hata katika kikombe.

Lawrence of Arabia ilipata shida kubwa zaidi. Ilikuwa imekatwa vipande ili iwe fupi, na sauti ya baadhi ya vipande ikapotea. Mwaka 1989 Robert Harris na wenzake waliirudisha, na baadhi ya wachezaji, akiwamo Peter O’Toole, waliitwa kusema upya maneno waliyoyasema ujanani mwao. Kisha negativu ikapitishwa katika skana ya 8K, na filamu ikatolewa tena mwaka 2012 ilipotimiza miaka 50.

Rwanda nayo imo katika hesabu hii. Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu ambacho wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili shuleni, kilifanywa filamu mwaka 1950, na sehemu yake ilipigwa katika nchi iliyokuwa ikiitwa Ruanda-Urundi. Wacheza ngoma wa Kinyarwanda wamo ndani yake, na mpiga picha Robert Surtees alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Filamu yenyewe inamtazama Mwafrika kwa jicho la mgeni, na hilo tusilifiche. Lakini wale wacheza ngoma walikuwa watu kweli, na hatua zao zilikuwa zao. Filamu za rangi za namna hiyo zilipigwa kwa negativu tatu kwa wakati mmoja, kila moja kwa sehemu yake ya rangi. Negativu moja ikinywea kuliko nyingine, picha hazilingani tena, na kila mtu huonekana na kivuli cha rangi pembeni mwake. Mkarabati ndiye azirudishaye mahali pake, hata mchezaji akawa mmoja tena.

Kovu la askari

Nilipokuwa bado kwa fundi, akaingia mama mmoja ameshika mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na kaseti ya video na flashi. Alieleza kwamba kaseti ile ni ya harusi yake ya mwaka 1997. Mumewe alikuwa askari, naye amekwisha kufariki. Watoto walipomwomba wamwone baba yao akitembea na kucheka, aliipeleka kaseti hiyo kwa watu fulani katika sehemu nyingine ya mji, wakaihamishia katika flashi na kumwahidi kwamba itang’aa kama ya leo.

Fundi akaitia flashi katika televisheni. Kweli iling’aa. Picha ilikuwa imevutwa ijaze kioo kizima, hata watu wote wakawa wafupi na wanene. Chembe zote zilikuwa zimefutwa kwa kompyuta, na pamoja nazo zikafutwa ngozi. Bwana harusi alikuwa na uso laini kama nta.

“Mume wangu alikuwa na kovu hapa,” mama alisema, akigusa shavu lake la kushoto. “Alilipata utotoni. Mimi nalijua, lakini kijana wangu mdogo halijui. Ameitazama hii mara ngapi, na mtu anayemtazama siye.”

Fundi hakusema neno baya juu ya waliotangulia. Aliichunguza kaseti kwenye mwanga kuona kama ina ukungu, akaizungusha mbele na nyuma polepole, kisha akaitia katika mashine. Picha ilikuwa na mistari, rangi zilikuwa zimepauka, na upande wa chini palikuwa na mtikisiko. Lakini watu walikuwa na vimo vyao. Bwana harusi alipogeuka kumpokea bibi yake, kovu lilikuwapo.

“Mistari hii naweza kuipunguza kidogo, mama,” fundi akamwambia, “lakini nikizidi nitaondoka na kovu tena.”

“Iache, baba,” akajibu. “Nitamwona katikati ya mistari.”

Sikuwahi kusikia kanuni ya ukarabati ikielezwa vizuri zaidi. Wataalamu wa nchi kubwa wameibishania kwa vitabu. Filamu ya Vertigo iliporudishwa mwaka 1996, walikuwapo watu waliosifu picha na kulaumu milio mipya iliyotiwa ndani yake, wakisema haikuwa ile ya mwaka 1958. Chembe za mkanda si uchafu. Ndizo zilizoijenga picha, kama vile nyuzi zilivyoujenga mkeka. Ukiziondoa zote huna picha safi, una kitu kingine. Kukarabati ni kurudisha, wala si kuremba.

Picha kama shahidi

Wasomaji wa gazeti hili walio askari na polisi wanajua kwamba picha inaweza kuwa shahidi. Mjini Kigali jambo hilo lina uzito ambao hauna mfano. Mwezi wa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Mwingereza Nick Hughes alipiga picha za video kutoka juu ya jengo la Shule ya Kifaransa. Kwa mbali, barabarani, kamera yake iliona watu wakiuawa. Picha zilizopigwa wakati mauaji yenyewe yakitendeka ni chache mno duniani, na hizo ni miongoni mwake. Zilifika katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda huko Arusha. Miaka mingi baadaye mwandishi wa Kanada, Allan Thompson, alizirudisha kwa wakazi wa mtaa ule, na jamaa wakawatambua baba na binti yake ambao ulimwengu ulikuwa umewatazama kwa miaka mingi pasipo kuyajua majina yao.

Fikiri basi, ndugu msomaji. Kama mtu angeichukua picha hiyo akailainisha ili ipendeze, au nakala ya asili ingetupwa baada ya kunakiliwa ovyo, wale wawili wangebaki vivuli. Ubora wa picha hapo haukuwa suala la starehe. Ulikuwa njia ya kuwarudishia marehemu majina yao.

Hughes huyohuyo baadaye aliongoza filamu ya hadithi iitwayo 100 Days, iliyotolewa mwaka 2001 pamoja na Mnyarwanda Eric Kabera. Kabera naye alianzisha tamasha la filamu la Rwanda mwaka 2005, ambalo watu huliita Hillywood kwa ajili ya vilima vya nchi. Tamasha hilo lilibeba kioo kikubwa cha kujazwa upepo hadi vijijini, ili watu walioketi majanini watazame filamu kwa pamoja. Maelfu walikuja. Hiyo ni dalili kwamba mwananchi wa kawaida, akipewa picha kubwa na mahali pa kuketi, anajua thamani yake bila kufundishwa.

Za kwetu nani atazirudisha?

Afrika ina filamu zake zinazongoja zamu. Mwaka 2017 taasisi ya Film Foundation ya Martin Scorsese, pamoja na shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika, FEPACI, na UNESCO, zilianza mpango wa kukarabati filamu za bara letu. Soleil Ô ya Med Hondo wa Mauritania ilikuwa ya kwanza, na Sambizanga ya Sarah Maldoror, ihusuyo harakati za ukombozi wa Angola, nayo ikakarabatiwa baadaye. Kazi nyingi hufanyika Bologna, Italia. Tunashukuru. Lakini shukrani haituondolei wajibu.

Tanzania ilianzisha kampuni yake ya filamu mwaka 1968, na katika miaka iliyofuata magari ya sinema yalikwenda vijijini na picha za kilimo, afya na ukombozi. Picha za Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 tumeziona katika televisheni, mara nyingi zikiwa zimepauka na kukwaruzika. Askari walioonekana humo leo ni wazee, na wengi wametangulia. Wajukuu wao watakapouliza, “Babu yuko wapi hapo?”, jawabu litategemea kama mkanda wa asili umewekwa mahali pakavu na pa baridi, au umeachwa ndani ya kopo lenye kutu.

Mambo ya kufanya nyumbani

Yapo ambayo kila nyumba inaweza kuyatenda bila kungoja wataalamu.

Kwanza, kaseti, negativu na picha za zamani ziwekwe mahali pakavu, mbali na jiko, dirisha na spika zenye sumaku. Kaseti isimame kama kitabu katika rafu. Ikionyesha ukungu mweupe isitiwe katika mashine, bali ipelekwe kwa fundi.

Pili, baada ya kunakili usitupe ya asili. Mashine za kesho zitaona zaidi kuliko za leo, lakini zitaweza hivyo tu kama kuna kitu cha kutazama.

Tatu, nakala ziwe mbili au zaidi, zikae nyumba mbili mbalimbali. Flashi moja si ghala. Hupotea mfukoni na hufa bila kuaga.

Nne, unapompa fundi kazi, mwambie wazi: asikate pembe, asivute picha ijaze kioo, asilainishe nyuso. Ukiona nyuso kama nta, mistari meupe kandokando ya vichwa, au nywele zilizogandamana kama rangi ya ukutani, jua amezidisha.

Tano, andika majina. Kaa na bibi na babu, watazame picha pamoja nawe, na uandike nani ni nani, wapi, na mwaka gani. Picha iliyo safi lakini haina majina imerudishwa nusu.

Na sita, ukipata filamu iliyopigwa kwa mkanda mpana na kukarabatiwa vizuri, itazame kwa heshima. Zima katika televisheni yako ule mtambo unaolainisha mwendo, punguza ukali wa picha uliozidishwa, zima taa, na usogee karibu na kioo kuliko desturi yako. Mpiga picha alikusudia uingie ndani, si uchungulie kwa mbali.

Biryogo haina ukumbi wa milimita 70, na huenda wengi wetu tutaishi bila kuingia katika ukumbi wa namna hiyo. Lakini katika duka moja dogo la mtaa huo, kati ya nyaya na visanduku vya televisheni, yupo fundi ajuaye kwamba kazi yake si kumpa mteja picha mpya, bali kumrudishia ile aliyokuwa nayo. Maktaba na hifadhi za taifa zikiwa na mafundi wa moyo huo, na nyumba zetu zikiacha kutupa makopo na kaseti kama takataka, watoto wetu watawaona waliotutangulia kwa nyuso zao halisi, pamoja na makovu yao.